Mwali Huulizwa Mara Tatu

Jumatatu, 3 Mei 1971

Naanza. Daftari hili lilikuwa la Baba. Kurasa za mwanzo ni vipimo vya wateja wake: mabega, kifua, urefu wa kanzu. Lilimwagikiwa na chai akalitupa. Nimeligeuza juu chini, ninaandikia nyuma. Nani atalifungua?

Leo kipindi cha siasa. Mwalimu Bernadeta kaingia bila kitabu, ana gazeti tu kwapani. Kasema sheria mpya ya ndoa imeanza kazi juzi Jumamosi, kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa asiye na dini. Kaandika ubaoni: HAKUNA NDOA BILA RIDHAA YA WOTE WAWILI. Kapiga mstari chini yake, mara mbili, mpaka chaki ikakatika.

Halafu akaja kwenye umri. Mwanamume miaka kumi na minane. Msichana kumi na mitano. Tekla akanyoosha mkono. Kwao Tekla ni kijijini, upande wa Kipalapala, na neno likimjia halimezi. Kauliza: Mwalimu, umesema usawa, sasa hii miaka mitatu yetu kaichukua nani? Darasa zima tukacheka. Mwalimu hakucheka. Kasema: hiyo mmeachiwa nyinyi muidai.

Nimelipenda jibu hilo. Nimetembea nalo mpaka nyumbani. Mimi nina miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na tangu leo kuna kitu cha kudai!

Jumamosi, 8 Mei 1971

Maulidi yamepita. Nyumba bado inanukia udi.

Kaja mgeni kwa garimoshi kutoka Tura. Anaitwa Selemani bin Lukumani. Ana duka karibu na stesheni, la chumvi, mafuta ya taa na kanga. Mkewe alifariki mwaka jana, kaacha watoto wawili. Kaleta kibuyu cha asali. Mtu mpole, anavaa miwani, anamwitikia kila mtu shikamoo yake kwa kituo.

Hadithi ya Tura tunaijua tangu utoto. Kabla Dada Hawa hajazaliwa, Baba alikwenda huko kuuza kanzu, akateleza akishuka kwenye behewa, akavunjika mguu. Mzee Lukumani alimweka nyumbani kwake siku arobaini. Alimlisha kwa mkono wake. Siku ya kuondoka Baba akamwambia: nikijaliwa binti, ni wenu.

Sasa mzee kafa. Mwanawe kakaa barazani, kanywa chai yake mpaka mwisho, kasema: Fundi Mabruki, nimekuja kulichukua lile neno.

Dada Hawa alikuwa chumbani anatia matundu ya vifungo kwenye kanzu ya mtu. Sindano ilisimama. Kanitazama. Ndani ya sanduku lake, chini ya kanga, kuna barua ya hospitali ya misheni: amechaguliwa kujifunza uuguzi, masomo yanaanza tarehe tano Julai. Barua hiyo Baba mwenyewe alinitaka nimsomee mara mbili. Alifurahi. Naapa alifurahi!

Jioni Baba kamwambia Hawa: kwanza ndoa, mumeo akiridhia utakwenda kusoma. Selemani alikuwa hajaondoka. Kasema kwa upole, anatabasamu: na watoto wangu atawalea nani?

Jumatano, 12 Mei 1971

Mwalimu Bernadeta katufanyia mtihani wa ajabu. Kila mmoja asimame, aseme neno moja tu: sitaki. Hakuna zaidi.

Ungedhani ni mchezo! Wa kwanza kasema akitazama sakafu. Wa pili kafunika mdomo kwa kiganja. Wa tatu sauti imekatikia njiani, kakaa chini, kalia — hivihivi, hakuna aliyemgusa. Tekla kasema: sitaki, asante, Mwalimu. Mwalimu: ondoa asante. Tekla: sitaki… samahani. Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani kachungulia dirishani.

Zamu yangu nikasimama wima. SITAKI! Kioo kilitetemeka, ndivyo alivyosema Tekla, lakini Tekla ni mwongo. Mwalimu kanipigia makofi peke yangu.

Baada ya kipindi nikamfuata, nikamweleza habari za Hawa. Kaniuliza: kwenu mwali huulizwa? Nikamwambia huulizwa, mara tatu, sheikh anakuja mpaka kwenye pazia na mashahidi wawili. Lakini hakuna anayejibu. Akinyamaza ndiyo karidhia. Sijapata kusikia mwali aliyefungua mdomo.

Kasema: basi mlango upo. Haujafunguliwa tu.

Alhamisi, 20 Mei 1971

Nimempelekea Baba chai kwenye cherehani. Nikajitia moyo, nikamuuliza: Baba, kama Dada hataki je?

Hakukasirika. Kaendelea kukanyaga. Kasema: ataulizwa, mwanangu, hatuozi mtu kwa kamba. Sheikh atamuuliza, na mimi nitamsikiliza.

Nikasema: na akisema hataki?

Mguu ukasimama. Kanitazama kama niliyemuuliza jua likikosa kuchomoza itakuwaje. Halafu kacheka, kanipa kipande cha kitambaa nifutie ubao shuleni.

Shangazi Maua kayasikia yote kutoka uani. Yeye ni dada yake Baba, na ndiye somo, kungwi wa kila mwali wa mtaa huu. Kawaingiza ndani wangapi, hata yeye hajui. Kasema: huyu mtoto shule imempa ulimi, imesahau kumpa meno ya kuuzuia. Mwali anayejibu ni nazi iliyojipasua yenyewe, nani ataila? Mama kasikia, kaendelea kuchambua mchele. Mama hasemi kitu. Huinamisha kichwa tu, kila mtu akadhani kakubaliana naye.

Jumapili, 30 Mei 1971

Harusi imepangwa. Ijumaa tarehe kumi na nane, mwezi wa mfungo saba.

Hawa kaniambia atasema. Lakini hawezi! Nimemjaribu chumbani. Nikamuuliza kwa sauti ya kisheikh, yeye akafungua mdomo, ukatoka upepo. Nikamuuliza tena, kaanza kucheka, kisha kulia.

Basi leo tulikuwa tunatwanga mahindi, kinu kimoja, michi miwili. Nikamwambia aseme kila mchi unaposhuka. Kishindo cha kinu kitatufunika. Tu! — sitaki. Tu! — sitaki. Mwanzoni aliliguna tu. Baadaye likatoka. Baadaye likatoka na jasho. Tulitwanga mpaka mahindi yakawa unga kabla ya kukobolewa vizuri, pumba na vyote.

Mama katokea mlangoni. Tukanyamaza. Kauliza: mnatwanga nini hicho? Hawa kasema mahindi, Mama. Mama kaangalia ndani ya kinu, kaangalia nyuso zetu. Kaingia ndani, kaiongeza redio sauti.

Sijui maana yake. Sithubutu kuijua.

Ijumaa, 4 Juni 1971

Siku mbaya. Mwalimu Bernadeta anaondoka. Mumewe kahamishiwa Mwanza, naye anamfuata. Wiki ijayo tu, shule ikifungwa.

Nilibaki darasani nikimsaidia kufunga vitabu kwa kamba. Nikamuuliza, kwa adabu zote: Mwalimu, wewe ulisema sitaki?

Kakaa juu ya meza. Kacheka kidogo, si kicheko changu ninachokijua. Kasema: hakuna aliyeniuliza, Mwanajuma. Tiketi zilikuja mbili.

Kanipa chaki zilizobaki. Sina ubao. Nimezifunga ndani ya leso.

Ijumaa, 11 Juni 1971

Hawa kaingizwa ndani. Shangazi kapachika pazia. Siku saba: anasuguliwa liwa, anapakwa dalia ya manukato, analala mkekani, haoni jua. Na hasemi. Hilo sikuwa nimelifikiria! Mwali hapazi sauti siku zote saba. Akitaka maji hugonga kikombe kwa kidole. Shangazi anamwambia: sauti ya mwali ni kama unga kwenye upepo, ukiufungua tu hauurudishi.

Siku zote zile za kinu, na sasa siku saba za kunyamaza kabla ya swali lenyewe. Aliyeupanga utaratibu huu alikuwa na akili sana.

Mimi ndiye ninayepeleka chakula. Najaribu kumsoma machoni. Macho tu ndiyo anayo.

Jumatatu, 14 Juni 1971

Bibi Sikuzani kaomba akae na mwali. Shangazi hawezi kumkatalia mama yake. Nilipopeleka uji nimeona kitu: Bibi katoa kipande cha tangawizi kwenye pindo la kanga, kammenyea Hawa, kamtia mdomoni. Kila siku kipande kimoja, kumbe. Tangawizi ni ya sauti. Wasoma kaswida wote wanaitafuna.

Nimemkalia Bibi miguuni, nikamuuliza kwa kunong'ona: Bibi, unajua?

Kasema: mimi mzee, najua nini? Halafu kasema hivi, na ninaandika kama nilivyosikia:

Mama yangu alifika mji huu na msafara wa watumwa kutoka Manyema, akabadilishwa kwa doti tatu za kaniki. Nani angemuuliza? Mimi niliulizwa, nikanyamaza. Mama yako aliulizwa, akalia, wakasema kilio ni haya. Tunakwenda, mjukuu wangu. Polepole, lakini tunakwenda.

Kamenya kingine, kanipa na mimi. Kiliniwasha mpaka machozi.

Alhamisi, 17 Juni 1971

Wageni wa Tura wamefika na garimoshi la mchana. Watu kumi na wanne! Pamoja na mama yake Selemani, kikongwe, kabebwa kutoka stesheni juu ya baiskeli. Magodoro mpaka kwa majirani. Mbuzi wawili.

Baba kamaliza gauni la Hawa. Kitambaa cheupe, ua la uzi wa fedha kifuani, kila jani kwa mkono. Sijawahi kumwona akishona kitu kizuri hivi. Kalitundika ukumbini, kasimama mbele yake, kanong'ona: Alhamdulillahi. Nikaondoka pale. Nikajificha chooni.

Kama angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi.

Ijumaa, 18 Juni 1971

Nimefungiwa chumba cha ndani. Kitasa kwa nje. Nina daftari kwa sababu lilikuwa chini ya godoro la chumba hiki. Niandike kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa, jambo la kwanza kwanza.

Saa nne asubuhi sheikh kaja kwenye pazia na mashahidi wawili. Ndani tulikuwa Hawa, Shangazi, Mama na chetezo cha udi, Bibi, na mimi miguuni pa Hawa. Uani wanawake wamejaa, vigelegele viko tayari midomoni.

Sheikh: Mwanahawa binti Mabruki, baba yako anataka kukuoza Selemani bin Lukumani. Umeridhia?

Kimya. Nikambana kidole cha mguu.

Shangazi kasema: kanyamaza, Sheikh, karidhia, twende. Sheikh kasema: mara tatu, bibi, usiniharakishe.

Mara ya pili. Kimya. Nikawaza: basi, imekwisha, yote yale ilikuwa kelele za kinu.

Mara ya tatu. Hawa kasema: sitaki.

Neno dogo tu. Kama mtu anayeomba chumvi. Mwanamke mmoja uani kasikia sauti ya mwali, kadhani ni jambo jingine, kapiga kigelegele — kikakatika katikati. Sheikh kauliza: umesemaje? Hawa kasema tena, safari hii kwa sauti yake kamili: Sitaki, Sheikh. Nina barua ya hospitali. Sitaki kuolewa.

Oh, Dada yangu! Nilitaka kuruka. Kweli nilianza kuinuka.

Shangazi kajipiga kofi mdomoni, yeye mwenyewe. Mama, chetezo mkononi, alikuwa anatazama mbele, na sikuwahi kumwona kichwa chake kikiwa juu namna ile. Sheikh kasema: nimesikia kwa masikio yangu, na hawa wawili wamesikia. Dini inataka ridhaa. Hapana ndoa hapa. Katoka, karudi barazani.

Sheikh huyohuyo niliyekuwa namwogopa! Nikawaza, Mwalimu alisema kweli, mlango upo. Nilifurahi kwa muda gani? Kama wa kunywa maji kikombe kimoja.

Barazani ukuta ni mwembamba, yote yanasikika. Selemani kasema: basi, Fundi, usijali, tutarudi Tura. Na sauti yake ilivunjika kidogo, nikamwonea huruma. Lakini mama yake, yule kikongwe, kasema polepole: mume wangu hakuahidiwa Mwanahawa. Mwanahawa alikuwa hajazaliwa. Aliahidiwa binti. Fundi ana mabinti wangapi?

Nilisikia mbuzi aliyechunwa anapasuliwa uani.

Halafu Baba kasema: wawili.

Sheikh kauliza: huyo mdogo ana umri gani? Baba: kumi na sita. Mwanamume mmoja wa Tura kasema haina shida, kasoma gazetini, serikali inaruhusu tangu kumi na mitano.

Sheria yangu! Ile ya ubaoni, iliyopigiwa mistari miwili. Imesafiri mpaka Tura, imerudi na garimoshi kunichukua.

Sheikh kasema: naye ataulizwa mara tatu vilevile. Mpeni muda mpaka alasiri. Ndipo Shangazi kaniingiza humu. Nilimwambia mimi ninasoma, niko kidato cha tatu. Kasema: Tura pia kuna shule, mpaka darasa la nne, utawafundisha watoto wa mumeo.

Hawa yuko chumba cha pili kwa Bibi. Kagonga ukuta. Kasema: mdogo wangu, sikujua. Nikamwambia: mimi ndiye niliyekufundisha. Hatukuwa na jingine. Barua yake anayo, kaishika, nasikia karatasi.

Sasa hili ndilo ninalotaka kuliandika sawasawa.

Baada ya adhuhuri kitasa kimefunguliwa. Ni Baba, peke yake. Futi shingoni, pini mdomoni, lile gauni jeupe mkononi. Hakunitazama usoni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yote, ya Mwalimu, ya ubaoni, ya kinu.

Kasema: simama, mwanangu. Nikasimama.

Kasema: inua mikono.

Nikainua.

Sikufikiri! Tangu nina miaka mitatu Baba husema inua mikono nami huinua, kila Idi, kila gauni. Iliinuka yenyewe. Kanizungushia futi kifuani, kiunoni, kapima bega. Vidole vyake vilikuwa baridi. Hakuandika popote. Vipimo vya watoto wake hukaa kichwani. Kapunguza gauni kwa pini, hapa na hapa, maana Hawa ni mpana kunishinda. Kisha kasema kitu, na pini bado mdomoni, hivyo hakikutoka vizuri: nisitiri, Mwanajuma. Chozi lake limeangukia mkono wangu wa kushoto. Nimeliacha likauke.

Aliyekitetemesha kioo cha darasa! Nimesimama kama mti wa kutundikia nguo mpaka kamaliza, na alipomaliza nikamwambia: asante, Baba.

Ondoa asante.

Sasa cherehani inakwenda huko ukumbini. Anapunguza kiuno. Naijua sauti, mshono mrefu, kisha anageuza, kisha mfupi.

Nimejaribu neno lile peke yangu, nikiutazama mlango. Umetoka upepo. Nimejaribu kulisema na mshono, kama tulivyofanya na mchi, lakini cherehani inakimbia, siiwezi.

Selemani si mtu mbaya. Baba si mtu mbaya. Sheikh atasubiri jibu kwa haki kabisa. Hakuna hata mmoja atakayenishika kwa nguvu. Nikinyamaza tu, mambo yote yatakwenda yenyewe, na kila mtu atakula pilau.

Sasa hivi kitu kimepenya chini ya mlango. Kipande cha tangawizi, kimemenywa. Kimeshika vumbi. Nimekifuta kwa leso yenye chaki, nimekitia mdomoni hivyohivyo.

Kinawasha.

Msikitini wanaadhini alasiri. Wamekwenda kuswali, nyumba imetulia. Cherehani tu. Nasema neno, halitoki. Nasema tena. Kuna kitu kidogo kimetoka, sijui kama ni neno au ni kikohozi. Tena.

Bado mara ngapi? Mara tatu tu watauliza.

Cherehani imenyamaza. Sheikh na mashahidi wanavua viatu mlangoni.